Alama 16: mimi na Odhis tukifungua malango ya anga, Kisumu mpaka Mfangano

Jumatatu

Nimechukua likizo yangu na badala ya kulala kama watu wa kawaida nimejipata kwa auntie huku Manyatta, nimekaa kwa sofa na binamu yangu Odhis, yuko fomu tatu, tunaangalia kaburi. Kaburi la kwenye gemu lakini. Inaitwa No Man's Sky, ilitengenezwa na Hello Games, kampuni ndogo ya huko Guildford Uingereza, na ilitoka Agosti 2016. Unapewa meli ya angani imeharibika, unaitengeneza, alafu unaachiliwa kwa sayari nyingi hadi hakuna mtu atawahi kuzimaliza. Odhis anaicheza kwa PS4 ya mkono wa pili na kontrola moja, kwa hivyo mimi kazi yangu ni kushika kalamu na daftari. Sijalalamika.

Hiyo daftari ndio sababu ya haya yote. Kwa hizi sayari kuna malango ya mawe, makubwa ya mviringo, na ndani ya gemu kuna alama 16 za ajabu ambazo ukizipanga 12 kwa lango, linafunguka na kukutupa kwa sayari nyingine mbali kabisa. Alama zenyewe hupewi bure. Unaenda stesheni ya angani, unatafuta Msafiri (hao ni wachache na kila mmoja ana kichwa cha kivyake), unamlipa nanaiti 100 (hizo ni pesa za ndani ya gemu) umuulize ametoka wapi, naye anakuonyesha kaburi mahali fulani kwa sayari za hapo karibu. Unaruka unaenda, unainama kwa hilo kaburi, unapata alama moja. Yaani unamuuliza mtu kwao ni wapi anakupeleka kwa kaburi lake. Mambo ya kutisha kidogo lakini Odhis hana habari, yeye anahesabu tu.

Alikuwa amebakisha mbili za mwisho na leo tumezipata zote kabla stima haijapotea. Alishazipa majina yake siku nyingi kwa sababu gemu yenyewe haizipi. Kwa ile paneli ya lango zinajipanga hivi kila wakati: machweo, ndege, uso, twiga (mimi naona ni dinosau lakini haya), jua limemezwa, puto, mashua, mende, kereng'ende, galaksi, boksi, samaki, hema, roketi, mti, na ya mwisho ni ile ya Atlas, kile kiumbe kikuu cha gemu. Nimeziandika zote kwa mpangilio huo huo. Nikamwambia Odhis sheria ni moja, hakuna kuingia mtandaoni kutafuta majibu mpaka tukwame kabisa. Akanung'unika, "Sista, lakini watu wote wanaangalia tu." Nikamwambia hao ni watu wote.

Jumanne

Mvua asubuhi, jua la kuchoma mchana, Kisumu ni Kisumu. Tumetumia siku nzima kutafuta lango maana halikai tu hapo barabarani likikungoja. Kwanza unatafuta mnara wa jiwe wa wenyeji wa hiyo sehemu. Mfumo wetu wa nyota ni wa Korvax, hao ni viumbe wa mashine ambao akili zao zimeunganishwa pamoja, na mnara wao unakutolea fumbo kwa lugha yao, na wewe unaelewa tu yale maneno umeshajifunza. Hayo maneno yanaokotwa moja moja kwa mawe ya maarifa au kwa kuongea na watu wao. Gek wana lugha yao, Vy'keen yao, Korvax yao, na Atlas pia ana yake. Kwa hivyo skrini inakuletea sentensi nusu kigeni nusu ya kueleweka, unabahatisha jibu ukiangalia yale unayoyajua yamesimama wapi.

Hapa ndio niliona hizi ni kazi mbili tofauti kabisa. Yale maneno ya Korvax huwezi kuyavunja kwa akili, ni ya kukusanya tu, ukipewa neno umepewa, usipopewa utangoja. Odhis amekusanya mengi hadi anaweza kukisia vizuri, na jibu lake la leo lilikubaliwa. Lakini alama za lango hazina maana yoyote unayopewa. Unapata picha ya samaki alafu basi, hakuna anayekwambia samaki ni nini. Hiyo ndio ilinikamata.

Baada ya fumbo mnara unakupa nafasi ya kuulizia lango ukiwa na kile kitu wanachokipenda, kwa Korvax ni ganda la mwili wao, tulikuwa nalo. Tukaelekezwa. Tukaruka dakika chache na hilo hapo, limesimama kwa nyasi za zambarau. Kuna kitu Odhis aliniambia nikakaa nikifikiria: gemu ilipotoka 2016 haya malango yalikuwepo lakini yalikuwa yamekufa, huwezi kuyafungua. Watu walisimama mbele yao mwaka mzima wakikisia, mpaka Agosti 2017 ndio lile sasisho la Atlas Rises likayawasha. Mwaka mzima! Mimi siku moja tu nimechoka.

Jumatano

Leo ndio siku.

Kuna kitu kimoja gemu inakupa bila kusema sana: ukipiga picha na kamera yake ya ndani, kwa kona ya chini kushoto inaandika alama 12. Odhis alikuwa ameziona akadhani ni urembo. Mimi nikamwambia hebu piga picha hapa, alafu tupande meli twende kwa sayari jirani tupige nyingine. Tukafanya hivyo. Alama 11 ni zile zile, imebadilika ya kwanza peke yake!

Nyamaza kwanza. Mimi kazi yangu ni kudizaini, tuko na kaduka kule tauni tunafanya mabango na tisheti na michoro ya matatu, na siku nzima nashinda nikiandika namba za rangi. Nyeupe ni FFFFFF, nyeusi ni 000000, ile orenji ya kampeni ni FF6600 na usiniulize nimeichapisha mara ngapi. Kwa hizo namba unahesabu 0 mpaka 9 alafu ukifika hapo hurudi kwa kumi, unaendelea A, B, C, D, E, F. Hizo ni tarakimu 16. Nikaangalia daftari, alama 16, na kwa paneli zinakaa kwa mpangilio usiobadilika. Machweo ni 0, ndege ni 1, uso ni 2, mpaka Atlas ambaye ni F. Hata makaburi yalimpa Odhis alama kwa mpangilio huo huo, ya kwanza machweo na ya mwisho Atlas, alikumbuka nilipomuuliza. Hizi si herufi. Ni namba.

Na namba za rangi zina kitu kingine, zimekatwa vipande. Mbili za kwanza ni nyekundu, mbili za kati ni kijani, mbili za mwisho ni bluu, ukigusa kipande kimoja vile vingine havitingishiki. Kwa hivyo swali likawa hizi 12 zimekatwa wapi. Hapo ndio raha yenyewe ilianza, maana unaweza kujaribu. Lango tunalo (mara ya kwanza lilitaka kulishwa madini kidogo lakini baada ya hapo limetulia), anwani ya nyumbani tunayo, tunabadilisha alama moja, tunapita, tunaangalia jina la mfumo kwa ukurasa wa uvumbuzi, tunapiga picha, tunarudi kwa lango lile lile, naandika. Ukibadilisha ya kwanza uko kwa mfumo ule ule, sayari tofauti. Ukigusa ya nne tu, nyota yenyewe ni nyingine, jina lingine. Ya tatu, nyota nyingine. Ya pili, vile vile. Odhis alitaka kubadilisha tatu kwa mpigo ndio tuende haraka nikamkataza, ukibadilisha tatu pamoja na kitu kikibadilika utajuaje ni ipi imefanya kazi? Akaniangalia kama mwalimu wake wa kemia.

Auntie alipita na sahani akauliza kama hiyo ni shule ama ni mchezo. Odhis akamjibu, "Mama, hata sisi hatujui." Omena ilikuwa safi.

Alhamisi

Stima ilipotea asubuhi ikarudi saa tisa. Katikati tulikaa nje kwa kivuli na daftari.

Zile nane za mwisho zilitushinda kuzikata. Tunaona ukizigusa unatupwa mahali pengine kabisa, lakini kukaa hapo chini huwezi kujua umetupwa upande gani. Kwa hivyo nikasema sawa, tumekwama kihalali, nikaingia mtandaoni na bando yangu. Wachezaji walishalimaliza hili zamani: alama ya kwanza ni sayari, tatu zinazofuata ni nyota, alafu mbili ni urefu wa kwenda juu na chini ndani ya galaksi, tatu ni upande mmoja, tatu za mwisho ni upande mwingine. Sehemu zetu za mwanzo tulikuwa tumezipata wenyewe bila kuambiwa na hiyo sitaacha kuisema.

Kwa nini urefu umepewa mbili na pande zimepewa tatu? Alama mbili zinakupa nafasi 256, tatu zinakupa 4096. Ni kwa sababu galaksi imelala kama chapati, ni pana lakini si nene, haina haja ya namba nyingi za kwenda juu. Napenda vile umbo lote la dunia yao limejificha kwa idadi ya alama tu.

Jioni rafiki ya Odhis akamtumia anwani ya sayari ya maana, nyasi, maji, hakuna dhoruba, picha zilikuwa zinapendeza kweli. Odhis akaziingiza zote 12 kwa makini, tukapita, tukatua kwa jehanamu. Sumu kila mahali, vidudu, mvua inayochoma. Odhis akampigia simu kwa hasira. Kumbe jamaa ako Eissentam, ambayo ni galaksi ya kumi, na sisi bado tuko Euclid ya kwanza. Anwani haisemi galaksi! Alama zile zile 12 zinafanya kazi kwa kila galaksi na kila mahali zinakupeleka kwa sayari tofauti. Ni kama mtu akuambie anakaa plot namba fulani bila kukuambia ni mji gani. Sasa wachezaji wenye heshima zao wanataja galaksi kwanza, huyu mtoto hakutaja.

Ijumaa

Leo tumecheza kidogo sana, nilikuwa na hesabu kichwani.

Tangu mwanzo gemu hii inatangazwa kwa sayari kwintilioni 18 na zaidi, na hiyo namba inajulikana ilikotoka, ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 64: 18,446,744,073,709,551,616. Kompyuta inatumia mbegu ya ukubwa huo kuumba kila kitu. Lakini mimi sasa nina anwani mkononi, kwa hivyo naweza kuhesabu milango. Alama 16, nafasi 12: inakuja 281,474,976,710,656, yaani trilioni 281 kwa galaksi moja. Galaksi ziko 256. Ukizidisha unapata kwadrilioni 72 na kitu. Ni nyingi hadi hazina maana kwa binadamu, lakini ni sehemu ndogo tu ya zile kwintilioni 18. Na hata hizo anwani nyingi ni hewa, maana alama ya sayari inaweza kuandikwa mpaka F na mfumo mmoja hauna sayari zaidi ya 6.

Nilimwonyesha Odhis nikitarajia atashtuka. Akasema, "Kwa hivyo zinatosha." Zinatosha, ndio.

Jumamosi

Safari ya ukweli sasa. Auntie alikuwa ametuma mizigo kwa dani, yaani nyanya, kule kisiwa cha Mfangano na sisi ndio tumebeba. Matatu ya Kisumu mpaka Luanda Kotieno, tumefinywa na magunia na kuku, alafu feri mpaka Mbita. Odhis alisimama kwa reli ya feri njia yote. Kutoka Mbita tukachukua boti ya injini, tukapita kando ya Rusinga, maji yakaanza kuwa na mawimbi nikafunga macho. Dani alitupokea kwa Dholuo ya kasi, akanishika mkono, akauliza nitaolewa lini, nikasema bado, akasema chai iko.

PS4 tuliiacha Manyatta. Daftari nilikuja nayo.

Jumapili

Baada ya kanisa tukapanda na mwenyeji mmoja kwenda kuona michoro ya Kwitone. Kwa hiki kisiwa kuna michoro ya kale kwa miamba, hapa na pia Mawanga, na hapa Mfangano watu wana jumba lao la makumbusho, Abasuba Community Peace Museum, ndio wanaoitunza. Njia ni ya kupanda kweli, Odhis mwenye magoti mapya alikimbia, mimi nilifika nikiwa nimelowa jasho.

Ni duara ndani ya duara ndani ya duara. Nyekundu na nyeupe, zingine zina miale imetoka nje kama jua. Zinasemwa ni za watu wa Twa waliokuwa wakiishi huku kwa kuwinda na kukusanya kabla ya wenyeji wa sasa kufika, na watu wa kisiwa wameziheshimu kwa vizazi, wanazihusisha na mvua. Mwenyeji wetu alisema usiguse, hata kwa kidole, na hakurudia mara mbili.

Odhis alitoa daftari akaanza kazi: duara ngapi, rangi gani iko nje, gani iko ndani, miale iko wapi haiko wapi. Alitaka kujua ziko aina ngapi. Nilimwacha kwa sababu kunakili vizuri ni jambo la maana kivyake, lakini nilikuwa nishaona shida. Ile njia yetu yote ya Jumatano ilikuwa kugeuza alama moja na kuangalia lango linakupeleka wapi. Hapa huwezi kugeuza kitu na hakuna lango. Aliyechora hayuko, na hakuna mtu wa kumlipa nanaiti 100 akuonyeshe. Pengine hata si maandishi wala hesabu, pengine ilikuwa ni kazi ya kufanywa, mtu anachora wakati mvua imekataa na kule kuchora ndio jambo lenyewe. Odhis akauliza sasa tutajuaje. Mwenyeji akamjibu kabla yangu: "Si kila kitu unaulizia, kijana, zingine unakuja tu kuzitembelea." Odhis hakuridhika na mimi nusu yangu haikuridhika pia, ningependa sana kujua kwa nini nyekundu iko nje hapa na kule iko ndani.

Jumatatu

Kurudi. Ziwa lilikuwa limetulia, feri ilichelewa, hakuna la kusema.

Jumanne

Kwa feri jana nilikuwa nimepata wazo na leo tumelifanya. Zile namba za pande za galaksi zinaanzia katikati. 000 ndio kitovu, unapanda mpaka 7FF kwenda upande mmoja, na kuanzia 801 mpaka FFF unahesabu upande wa pili ukirudi kwa kitovu. Kwa hivyo ukitaka kuruka kitovu na kutokea ng'ambo, umbali ule ule, unachukua namba yako unaitoa kwa 4096. Basi.

Alama zetu za mwisho tatu za nyumbani ni mashua, samaki, uso. Odhis alicheka alipoona, akasema hiyo ni anwani ya Dunga kabisa, ule ufuo wa wavuvi hapa Kisumu. Ni 6B2, kwa hesabu ya kawaida 1714. Toa kwa 4096 unabaki na 2382, ukiirudisha kwa 16 ni 94E, ambayo ni galaksi, jua limemezwa, mti. Odhis aliifanya mwenyewe kwa karatasi, kugawanya kwa 16 na kuandika mabaki, akakosea katikati akafuta akarudia, sikumsaidia. Zile tisa za mbele hatukuzigusa. Kwa meli hii safari ni ya laki nyingi za miaka ya nuru, mtu angeruka wiki nzima.

Lango likawaka, tukapita. Sayari ya barafu, upepo, mawe meusi, kipimo cha baridi kinalia kwa skrini. Hakuna cha maana hapo kabisa. Odhis akapiga picha kabla hata ya kutafuta pa kujificha, akasogea kwa skrini akasoma kona ya chini kushoto kwa sauti, moja moja, mimi nikiangalia karatasi yake. Zilikuwa ndizo, mpaka mti wa mwisho.

Ameshaweka kompyuta ya beisi pale kwa barafu ndio tuwe tunarudi, na amekataa kuniambia ameiitaje. Sasa anataka kupindua zile tatu za katikati na mbili za urefu zote pamoja leo leo. Nimemwambia kwanza tatu peke yake, alafu tuangalie. Urefu ni kesho, kama stima itakuwepo.